Mtoto Mchanga Aamkapo Usiku

Katika nyumba zetu hakuna swali aulizwalo mzazi mara nyingi kuliko hili: "Je, mtoto analala?" Akijibu kuwa analala, huambiwa amepata mtoto mwema. Akijibu kuwa huamka mara nne au tano kila usiku, basi nyuso hubadilika, na kila mwenye mdomo huwa tabibu. Mmoja husema maziwa ni mepesi. Mwingine husema mtoto ana zongo. Wa tatu hutoa chupa mkobani.

Nayaandika haya kwa sababu yamepita nyumbani mwangu. Binti yangu alikuja kwetu Tanga kujifungua, kama ilivyo ada ya uzazi wa kwanza, na Mwenyezi Mungu akamruzuku mtoto wa kiume. Siku za mwanzo mtoto yule alilala mchana kutwa kama aliyechoka na safari. Usiku ukiingia, hufumbua macho yake akaitazama taa. Hunyonya, hulala kitambo, huamka, hulia, hunyonya tena. Ilipofika siku ya ishirini, saa nane za usiku, nilisikia ukutani vilio viwili badala ya kimoja. Mama naye alikuwa analia.

Asubuhi yake likakaa baraza la wanawake ukumbini. Mkwewe, mama wa mumewe, alishauri uji mwepesi wa mtama, ati tumbo lishibe mtoto apate kupumzika. Shangazi yake akataka aitwe fundi wa zongo. Na jirani yetu mmoja, mtu wa kheri asiye na nia mbaya hata chembe, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, akaniambia, "Maalim, kijiko kimoja tu cha chai. Wallahi mtalala nyote mpaka alfajiri."

Binti yangu akanitazama kwa macho mekundu, akasema, "Baba, labda kweli mimi sina maziwa."

Niliichukua ile chupa nikaifungua. Nikaitambua, si kwa jina lake bali kwa harufu yake. Na hapo yapasa niseme jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Mwaka 1997 mwanangu wa pili alikuwa na umri wa miezi miwili. Mimi nilikuwa nikisomesha chuoni asubuhi, na baada ya alasiri nikisomesha tena, na usiku mtoto hakunipa nafasi ya kulala. Au tuseme kweli: hakumpa mama yake nafasi ya kulala, na mimi nilikuwa nikisikia kelele tu. Siku moja nikapita dukani, muuza duka akanipa dawa ya kikohozi, akaniambia kuwa nayo hulaza watoto. Nikampa mwanangu kijiko kwa mkono wangu mwenyewe, mama yake yuko uani anaosha vyombo. Sikumwambia. Usiku ule tulilala, nami nilipoamka kwa adhana ya alfajiri nilishukuru kwa usingizi ule. Saa tatu za asubuhi mtoto alikuwa angali amelala. Kanga ya mama yake ilikuwa imerowa maziwa, naye kila akimtia ziwa kinywani, kinywa hakishiki. Midomo imekauka, na pumzi zinakuja polepole mno. Tulimkimbiza hospitali. Daktari akauliza, "Mmempa nini?" nami nikanyamaza. Akauliza mara ya pili, ndipo nikasema. Tulikaa wodini siku mbili. Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye ndevu, alhamdulillahi, na mama yake alinisamehe. Walakini ile khabari ya chupa hatukuitaja tena baina yetu.

Basi sikuweza kunyamaza mara ya pili. Nilifuatana na binti yangu na mjukuu wangu mpaka kliniki, na huko muuguzi mmoja mwenye subira akatueleza kwa kituo. Mengi ya haya nitakayoyasema niliyapata kwake, na mengine niliyasoma baadaye, kwa kuwa nilitaka kujua nilichokuwa sikukijua nilipokuwa baba kijana.

Jambo la kwanza, mtoto mchanga hakosi usingizi. Yeye hulala kuliko sote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lasema kuwa mtoto wa tangu kuzaliwa hata miezi 3 hulala saa 14 mpaka 17 katika kila saa 24. Na wa miezi 4 mpaka 11 hulala saa 12 mpaka 16, pamoja na usingizi wa mchana. Kinachotuchosha sisi ni kuwa usingizi wake umekatwa vipande vipande, na vipande hivyo havichagui mchana wala usiku.

Sababu yake ni kuwa mtoto akiwa tumboni hapati mchana wala usiku ila kupitia kwa mama yake. Ubongo wa mtu hutoa kitu kiitwacho melatonini giza liingiapo, nacho ndicho kiuambiacho mwili kuwa sasa ni usiku. Mtoto tumboni hukipata katika damu ya mama. Akizaliwa, njia ile imekatika, na ubongo wake mwenyewe haujaanza kukitoa kwa mpango. Utaanza aghalabu baina ya mwezi wa pili na wa tatu. Kwa hiyo yule mjukuu wangu aliyekuwa akiitazama taa saa nane za usiku hakuwa mkaidi, wala hakurogwa. Alikuwa hajui kuwa ni usiku. Na tazama ajabu ya maumbile: maziwa ya mama yatokayo usiku yana melatonini ndani yake, na yale ya mchana huwa nayo kidogo mno. Muuguzi aliposema haya, binti yangu alimwangalia mwanawe kama aliyeonyeshwa kitu kipya.

Jambo la pili ni namna ya usingizi wenyewe. Usingizi una vyumba viwili: mmoja mzito na wa utulivu, na mmoja mwepesi ambamo macho huchezacheza chini ya kope. Huu wa pili ulielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, mwaka 1953. Na Aserinsky alianza kazi yake kwa kuangalia kope za watoto wachanga waliolala. Mtu mzima huzunguka vyumba hivyo katika muda wa dakika 90 hivi. Mtoto mchanga huzunguka katika dakika 50 au 60, na karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi. Tena yeye huingia usingizini kwa mlango huo mwepesi. Ndiyo maana mama humbembeleza mpaka akafumba macho, akamlaza, na mgongo ukigusa tu godoro macho yamefumbuka. Angoje kidogo, mpaka mikono ya mtoto ilegee na pumzi zitulie, ndipo amlaze. Katika usingizi huo mwepesi mtoto hukunja uso, hutoa sauti, hata hulia kidogo ilhali bado amelala. Wengi wetu humnyakua hapo hapo, tukamwamsha wenyewe, kisha tukasema mtoto huyu halali.

Na jambo la tatu ni njaa. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi kuliko ya ng'ombe au ya kopo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa mchana na usiku. Gawanya mwenyewe saa 24 kwa hesabu hiyo uone kama yawezekana usiku upite bila ya kunyonya. Tena kunyonya huko kwa usiku kuna kazi nyingine, kwani kile kichocheo kitengenezacho maziwa katika mwili wa mama huzidi nguvu usiku. Mama aliyeambiwa asimnyonyeshe mtoto usiku "ili azoee" ameambiwa apunguze maziwa yake.

Sasa turejee kwenye lile neno zito, kwamba maziwa ni mepesi. Neno hili limewaliza wazazi wengi, nami nadhani limeharibu unyonyeshaji kuliko maradhi. Kuamka usiku si dalili ya maziwa haba. Dalili ziko mahali pengine, nazo kila mama aweza kuziona: baada ya juma la kwanza mtoto alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku, awe amerudia uzito wa kuzaliwa kwa muda wa majuma mawili hivi, na mstari wa kadi ya kliniki uwe unapanda. Mjukuu wangu alipopimwa, mstari ulikuwa unapanda vizuri. Mkwe wa binti yangu alikuwepo, akaitazama ile kadi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi nimemwonea mwanangu bure." Namheshimu sana kwa neno lile, si kila mtu mzima huweza kulisema.

Ama ule uji, kwanza, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani tangu mwaka 2001 umehimiza mtoto anyonye tu, bila ya maji wala uji, hata atimize miezi 6, kwa kuwa tumbo lake halijawa tayari na vyombo vyetu huingiza vijidudu vya kuharisha. Pili, hata usingizi wenyewe unaotafutwa haupatikani. Mwaka 1989 madaktari wa Cleveland, Marekani, walitangaza uchunguzi wao: watoto wengine walianza kupewa nafaka wakati wa kulala wangali na majuma 5, na wengine wakangojewa mpaka miezi 4. Haikuonekana tofauti katika kulala kwao. Ili nisifiche kitu, uko uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2018 ambamo watoto walioanzishiwa chakula tangu miezi 3 walizidi kulala, na walipozidi sana, ziada yenyewe ilikuwa dakika 16 hivi kwa usiku. Msomaji apime mwenyewe dakika 16 na khatari ya kuharisha.

Khabari ya dawa za kulaza watoto ni ya zamani kuliko jirani yangu na muuza duka wangu. Mwaka 1849, katika mji wa Bangor, jimbo la Maine, Marekani, palianza kuuzwa dawa ya maji iitwayo Mrs. Winslow's Soothing Syrup, nayo ikaenea sana. Watoto walilala kwelikweli, kwani ndani yake mlikuwa mofini, iliyo ya jamii ya kasumba, pamoja na pombe. Wako walioamka na wako wasioamka. Chama cha Madaktari wa Marekani kiliitaja mwaka 1911 miongoni mwa dawa zinazoua watoto, na hata hivyo iliendelea kuuzwa mpaka karibu mwaka 1930. Dawa za kikohozi na mafua za siku hizi si zile, lakini nyingi zina vitu viletavyo usingizi, na mwaka 2008 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kuwa wasipewe kabisa watoto walio chini ya miaka 2. Jirani yangu alipoyasikia haya aliichukua chupa yake akaimwaga mferejini mbele yetu.

Je, lini mtoto atalala usiku kucha? Kila nyumba ina jibu lake, na jibu la kweli ni kuwa watoto hawafanani. Huko Kanada walichunguzwa watoto 388 wa miezi 6, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Karibu 38 katika kila mia walikuwa hawajaweza kulala saa 6 mfululizo. Hata walipotimiza mwaka mmoja, 28 katika kila mia walikuwa bado. Na wale wasiolala hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao katika kukua kwa akili wala viungo. Basi mwenye mtoto wa miezi 7 aamkaye usiku asijione peke yake mjini.

Wapo watakaouliza, je, hakuna la kufanya? Lipo, ingawa si la kijiko. Mchana mtoto akae penye mwanga na sauti za nyumba, asifungiwe gizani kwa ajili ya kulala. Usiku taa iwe hafifu, asizungumzishwe wala asichezeshwe, abadilishwe nepi, anyonye, apige mbweu, alazwe. Kwa majuma kadha mwili wake utajifunza. Mama naye alale mtoto alalapo mchana, na vyombo vingoje au vioshwe na mwingine.

Kulala kwenyewe kuna adabu yake ya usalama, nayo sisi hatukufundishwa na wazee wetu kwa sababu nao hawakufundishwa. Mtoto alazwe chali, usiku na mchana. Marekani walipoanza kuhimiza hivyo mwaka 1994, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua katika miaka iliyofuata kwa zaidi ya nusu. Salama zaidi ni alale peke yake mahali tambarare pasipo laini mno, ndani ya chandarua, karibu na kitanda cha mama na katika chumba hicho hicho. Penye kitanda kimoja tu, na ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi, mito na mablanketi mazito yawekwe mbali naye, na asilale kando yake mvuta sigara wala mtu aliyekunywa dawa ya usingizi. Na mama mwenye usingizi asimnyonyeshe amekaa kochini. Ni kheri alale kitandani, kwani kochini mtoto hutumbukia baina ya mito pasipo mtu kujua.

Khasa nataka kusema na wanaume, na vijana wanaokusudia kuoa. Ada yetu ya arobaini ni njema: mzazi hupikiwa, hukandwa, husaidiwa. Lakini ada hiyo hiyo imempa baba rukhsa ya kwenda kulala chumba cha nje, na wengi wetu tukaifanya rukhsa ya siku arobaini kuwa ya miaka miwili. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, patajwapo miaka miwili ya kunyonyesha, hapo hapo baba amewajibishwa riziki na mavazi ya mama. Nasi tumekuwa tukisoma wajibu huo kana kwamba unaishia dukani. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiingia katika sala naye ataka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua mashaka yanayompata mama yake. Naye alimbeba mjukuu wake Umama bint Zaynab hali ya kuwa yumo katika sala, akirukuu humweka chini na akisimama humbeba. Mimi nimesomesha hadithi hizi kwa wanafunzi miaka mingi, na haikunipitia moyoni kuwa zanihusu saa nane za usiku. Baba hawezi kunyonyesha, hilo kweli. Aweza kubadilisha nepi, kumbeba mtoto begani mpaka apige mbweu, kumtembeza ukumbini, na kumletea mama maji ya kunywa.

Ama zongo, sitaki kugombana na shangazi wa mtu. Kumsomea mtoto na kumwombea dua ni jambo jema, na nyumbani kwangu hufanywa kila magharibi. Lakini mtoto asicheleweshwe hospitali kwa kungoja fundi. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, au analala mno hata haamshiki, au mwili una joto kali au umepoa kupita kiasi, au anahema mbiombio, au anashikwa na dege, au macho na ngozi vimekuwa manjano, huyo apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kilio kirefu kisichofanana na kile mlichokizoea ni vema kionwe na daktari.

Na mama pia atazamwe. Kulialia siku za mwanzo hutokea kwa wazazi wengi na hupita. Lakini akipita majuma mawili naye bado ana huzuni, halali hata mtoto akilala, hataki kula, au ameanza kusema kuwa nyumba ingekuwa kheri bila yeye, hayo si uvivu wala si upungufu wa imani. Ni maradhi yanayojulikana na yanayotibika, naye apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye homa.

Binti yangu alimaliza arobaini, na mumewe akaja kumchukua. Kabla hawajaondoka nilimwita kijana yule barazani nikamweleza kisa cha mwaka 1997 chote, hata pale daktari aliponiuliza nami nikanyamaza. Alisikiliza kwa adabu, asiseme neno. Majuma mawili baadaye binti yangu alinipigia simu kumsalimu mama yake, nikamuuliza nami lile swali la watu wote.

"Baba, anaamka mara tatu," akasema. "Mara mbili ni zangu. Ile ya saa kumi anaamka na baba yake, maana yeye huwa yuko macho kwa ajili ya alfajiri."

Sasa mtoto ana miezi mitano, na meno yameanza kumsumbua. Juzi wamekuja kututembelea siku nne. Usiku wa kwanza aliamka mara mbili, na mara ya pili nilimbeba mimi.